Mswala Usiokunjwa

Tetuan, 18 Desemba 1996

Dada Turia,

Salamu zangu kwako, kwa shemeji Driss, na kwa huyo aliye tumboni anayekunyima usingizi. Mama hajambo. Analalamika magoti, lakini juzi alipanda paa mara tatu kumfukuza paka wa jirani, kwa hiyo usimwonee huruma sana.

Nakuandikia barua kwa sababu simu ya dukani kwa Si Larbi ina masikio. Ukinong'ona pale asubuhi, jioni muuza samaki anakupa pole. Na hili si la muuza samaki.

Unajua nilivyokuwa. Unakumbuka nilivyoanguka kwenye ngazi za shule, wewe na Mama mkanibeba kama gunia la unga. Mwaka huu ilizidi. Kila mwezi siku nne nzima kitandani, natapika, nauma mto ili Mama asisikie. Yeye ananiletea maji ya majani ya zatari na tofali la moto lililofungwa kitambaa, ananiambia ndio uanamke wenyewe, ukiolewa itaisha. Mwezi wa tisa nikachoka kungoja kuolewa. Nikaenda kwa yule daktari mwanamke mwenye chumba juu ya posta.

Alinipima, akaniuliza maswali ambayo hata wewe hujawahi kuniuliza, kisha akaniandikia vidonge vya majira. Ndiyo, hivyo hivyo unavyovifikiria. Nikamwambia, "Daktari, mimi sijaolewa." Akajibu huku anaandika, "Tumbo lako halina habari na cheti cha ndoa." Nameza kimoja kila siku, na pakiti ikiisha naanza nyingine kesho yake, bila ile wiki ya kupumzika. Damu haiji kabisa. Nilimuuliza inakwenda wapi, nikidhani inapanda kichwani. Alicheka, akasema haiendi popote, haijengeki tu.

Dada, ni mwezi wa tatu sasa sijalala chini hata siku moja! Nasoma mpaka vitabu vinanikimbia. Mtihani wa chuo cha ualimu ni Juni, na kwa mara ya kwanza naamini nitafaulu.

Mama anadhani ni vidonge vya kuongeza damu. Usicheke. Wewe peke yako ndiye unayejua, na ibaki hivyo. Nitakuja huko kabla ya Ramadhani kukusaidia uzazi, nikae mpaka umalize arobaini na zaidi. Mwambie mama mkwe wako, atakayekuwa wangu pia, anitafutie kona ya kulala.

Mdogo wako,
Gizlan


Taza, 27 Desemba 1996

Mdogo wangu Gizlan,

Barua yako nimeisoma msalani, kisha nikaichana vipande vipande. Usiniandikie tena mambo kama hayo bila kuandika "mkononi mwake" juu ya bahasha.

Nimefurahi kwamba huumwi. Lakini nina hofu. Hivyo vidonge havitakukausha? Mchumba wako Abdelilah atataka watoto, na mama yake atawataka kabla yake. Hujaishi nyumba moja na Lalla Zhor, mimi naishi naye mwaka wa sita. Kwangu ni mama mkwe, kwako atakuwa karibuni, na kwa sababu Driss na Abdelilah ni ndugu wa tumbo moja, ukikosea wewe nahesabiwa mimi.

Sikiliza mambo ya nyumba hii. Kila mwanamke ana mswala wake, na kila mswala una msumari wake ukutani, kwenye ukumbi wa nyuma. Ukiingia mwezini unaukunja na kuuweka juu ya sanduku, ukitoharika unaurudisha. Hakuna anayesema neno. Lakini Lalla Zhor akipita asubuhi na birika lake anajua kila mtu yuko wapi.

Ramadhani usiwe na wasiwasi. Yeye mwenyewe hununua vidonge vya kuzuia damu kwenye duka la dawa na kutugawia, ili wanawake wa nyumba yake wafunge mwezi mzima bila deni. Anajivunia hilo kuliko sukari anayogawa misikitini. Shida ni baada ya Idi. Wote wakiacha vidonge, kabla ya wiki kwisha miswala yote iko juu ya sanduku. Wako nao uwe hapo. Ukunje siku sita, ule mkate jikoni na wenzako, basi. Nani atakuchungulia?

Njoo mapema. Miguu yangu imevimba, na mtoto wa kwanza ananimaliza.

Dadako,
Turia


Tetuan, 3 Januari 1997

Dada Turia,

Nakuja Jumatano kwa basi la saa mbili. Namletea Lalla Zhor jibini na asali ya Mama, na wewe nakuletea mikono miwili.

Kuhusu mswala, nimelala nalo nikaamka nalo. Siwezi, dada. Nikiwa safi na adhana inalia, nitakaaje jikoni nile mkate ili watu waone nakula mkate? Kukaa kimya kuhusu vidonge ni kukaa kimya. Kuacha swala kwa makusudi ni kumdanganya Mungu ili kumridhisha Lalla Zhor, na yeye mwenyewe asingependa. Nitaswali. Akiuliza, utamwambia natumia dawa ya tumbo kwa amri ya daktari, kwa kuwa wewe ndiye mwenye kauli pale. Mimi mgeni nikianza kumweleza bibi mzima habari za tumbo langu nitaonekana sina haya.

Mwambie huyo mtoto asitoke kabla sijafika.

Gizlan


Tetuan, 30 Machi 1997

Dada Turia,

Wiki mbili tangu nirudi na bado nanuka maziwa ya Wiam. Mama ananiuliza kila dakika anafanana na nani, namwambia anafanana na mkate ambao haujaiva. Nimelikumbuka jasho lake la kichwani. Umuogeshe kwa maji ya vuguvugu, si ya moto, wewe una mkono wa moto.

Nataka kukuuliza jambo. Je, nilimkosea Lalla Zhor?

Ramadhani nzima nilikuwa mboni ya jicho lake. Usiku wa kuamkia mfungo alinipa pakiti ya vidonge kwa mkono wake mwenyewe, akasema, "Chukua binti yangu, usidaiwe siku na Mola wako." Nilijifungia chooni nikacheka mpaka machozi, maana vyangu nilikuwa navyo kwenye soksi. Alinisifu kwa wageni kwamba bibi harusi wake hakufungua hata siku moja, na supu yangu ya harira akaiita supu ya watu wa mjini. Baada ya Idi akaanza kunyamaza. Nikitandika mswala, anasimama mlangoni ananitazama hadi nitoe salamu.

Halafu ile siku ya kuoga hamamu, unakumbuka, alikataa msuguaji akanisugua mwenyewe. Nilijiona malkia. Alinisugua mgongo, mikono, kisha akanilaza chali akanisugua tumbo, polepole, akilibonyeza kama mtu anayechagua tikiti. Akaniuliza, "Unakula vizuri, Gizlan?" Nikamwambia, "Nakula kama askari, mama." Hakucheka. Na siku ya safari hakunisindikiza kituoni, wala hakumtumia Mama hata sahani ya vileja.

Labda nimejisahau nikaongea sana. Unajua mdomo wangu. Niambie nimwombe radhi kwa lipi.

Nasoma kila siku. Imebaki miezi miwili na kidogo.

Gizlan


Taza, 11 Aprili 1997

Mdogo wangu,

Hukumkosea mtu. Lalla Zhor magoti yanamsumbua, na nyumba ilikuwa na wageni. Usiyapekue mambo.

Wiam ana uzito wa kilo sita. Abdelilah amepewa kazi mpya ya reli huko Wajda, kwa hiyo asipokuandikia usishangae, hana nafasi. Hapa mvua imenyesha na nguo hazikauki.

Soma, achana na hayo mengine.

Turia


Tetuan, 6 Mei 1997

Dada Turia,

Nisamehe mwandiko, naandika haraka.

Jana alikuja yule mjane, binamu yake Lalla Zhor anayeishi huku. Hakuvua hata jilbabu. Alimwambia Mama kwamba watu wa Taza wanatutakia kheri na kila mtu atafute fungu lake. Mama akauliza sababu. Mjane akaangalia tumbo langu, kisha akaangalia chini, akamwambia Mama, "Binti anayeswali siku sitini na tano mfululizo, Lalla Batul, sababu unamuuliza yeye."

Basi nikaelewa yote. Lile tikiti.

Alipotoka, Mama alipindua godoro. Akavipata vidonge. Nilimweleza, dada, nilimweleza taratibu tangu mwanzo, daktari, maumivu, yote. Alisikia neno moja tu, majira. Kwa hiyo sasa mimi nina makosa mawili yasiyoweza kukaa pamoja: nina mimba, na nameza vidonge vya kuzuia mimba. Nilipomwambia hivyo, alinipiga kofi la kwanza tangu nizaliwe. Vidonge kavitupa kwenye shimo la choo kimoja kimoja huku akilia. Kwa daktari nimekatazwa kwenda, na ufunguo wa mlango anatembea nao kifuani.

Abdelilah hajaandika hata mstari.

Sitaki kumlilia Abdelilah, ingawa nalia. Ninachotaka ni kukuuliza wewe. Ulikuwa pale. Ulijua. Neno lako moja lingetosha, hata ungesema "anatumia dawa" ukaishia hapo. Lalla Zhor alikuuliza? Niambie tu kwamba hakukuuliza.

Gizlan


Taza, 19 Mei 1997

Gizlan,

Hakuniuliza.

Nakuombea. Mama atatulia.

Turia


Tanja, 3 Novemba 1999

Dada Turia,

Umeniandikia mara nne na sikujibu. Sikuwa na hasira.

Najua Mama amekupa habari kwa vipande, nami nataka uzipate nzima. Mtihani wa Juni ule niliingia siku ya pili ya damu. Niliandika jina langu na nusu ya jibu la kwanza, kisha wakanitoa nje wamenishika mikono na miguu. Mwaka uliofuata hivyo hivyo. Huko Tetuan watu walipoona tumbo halikui walisema basi limetolewa, hawakukosa la kusema. Nilipoweza kuondoka niliondoka. Hapa Tanja nafanya kazi duka la madaftari na kupiga chapa, na mwezi uliopita nilianguka katikati ya mashine.

Walinipasua. Nyama ya mji wa mimba imekuwa ikiota mahali pasipo pake, na kwenye kifuko cha mayai cha kushoto ilifanya uvimbe mkubwa kama chungwa. Wamekitoa. Cha kulia wamekiacha, lakini hawaniahidi kitu. Nilimuuliza daktari wa hapa, kama ningeendelea na vidonge vyangu bila kukatizwa miaka ile miwili, ingekuwaje? Alisema hakuna anayeweza kuapa, lakini kwa kawaida huwa vinauzuia ugonjwa usikimbie. Sasa nimerudishiwa vile vile, kimoja kila siku, bila kupumzika. Navimeza mbele ya dirisha likiwa wazi.

Mama alikuja hospitali. Alishika mguu wangu usiku kucha.

Ninakuandikia kwa sababu nilikuwa nakuwaza wewe nikiwa pale kitandani. Mtu mmoja tu katika nyumba ile alijua ukweli, na hakuulizwa. Hilo ndilo lililonisimamisha miaka hii, kwamba ilikuwa bahati mbaya tupu na hakuna wa kumlaumu. Ingekuwa uliulizwa, sijui ningeliweka wapi.

Mbusu Wiam. Anaongea sasa?

Gizlan


Taza, 21 Februari 2010

Mdogo wangu Gizlan,

Simu ninayo, na namba yako naijua kwa moyo. Lakini haya siwezi kuyasema huku nasikia unavyopumua.

Lalla Zhor alifariki mwezi wa kumi na moja, ulituma salamu za rambirambi, Mungu akulipe. Nilimwosha mimi. Nilipokuwa nikimwosha, nilijua kwamba sasa nimebaki peke yangu na jambo hili.

Aliniuliza, Gizlan.

Ilikuwa wiki ya tatu baada ya Idi, ukumbi wa nyuma, nampa Wiam titi. Alikuja na birika lake, akaonyesha mswala wako pale msumarini. Akasema, "Turia, huu haujakunjwa tangu mwezi wa Mfungo uanze. Dada yako ana nini?" Hakuwa mkali. Naapa alikuwa ananiuliza kama mtu anayetaka kuambiwa kwamba hakuna kitu. Nami nikasema, "Sijui, mama."

Basi. Maneno hayo tu. Nimeyarudia miaka kumi na mitatu, nikiyabadilisha kila siku, na kila siku yanatoka vile vile.

Utauliza kwa nini. Nilikuwa nimetoka kuzaa mtoto wa pili wa kike. Driss alikuwa hajambeba. Niliona nikisema vidonge, ataniuliza nani alimfundisha dada yako mambo hayo, na tangu lini unayajua, na kwa nini umenyamaza nyumbani kwangu. Niliogopa jina langu, nikatoa lako. Nilijiambia nitamweleza kesho, akiwa ametulia. Kesho yake alikupeleka hamamu, na mimi ndiye niliyewafungia taulo.

Ulipoandika kuniuliza, nilikaa na kalamu siku tatu. Nikaandika neno moja la uongo na kulipiga stempu. Na ulipoandika baada ya hospitali kwamba neno hilo ndilo linalokusimamisha, nilitaka kufa, kisha nikaona heri niliache likusimamishe. Nilijidanganya kwamba ni huruma. Ilikuwa woga ule ule.

Sikuandikii ili unisamehe. Ningekuwa na haya zaidi ningekaa nalo mpaka kaburini. Nakuandikia kwa sababu ya Wiam.

Ana miaka kumi na mitatu. Juzi nilimkuta sakafuni jikoni, amejikunja, ameuma ncha ya zulia. Ni mwezi wa nne sasa anaumwa hivi. Shuleni wanamwita mvivu. Nilimletea maji ya zatari, Gizlan. Nilipasha tofali. Nikafungua kinywa kumwambia ndio uanamke, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Mama. Nikakimbilia uani.

Wake wa shemeji zangu ndio wanaotazama msumari siku hizi. Mmoja amekwishaniambia, mpeleke kwa fundi wa mitishamba, daktari atamharibia ndoa. Sijui nifanye nini kwanza. Niandikie jina la ile dawa na nimwone nani. Kama hutaki kunijibu, mwombe mtu yeyote aniandikie.

Dadako, kama bado inaruhusiwa kuandika hivyo,
Turia


Tanja, 9 Machi 2010

Kwa Wiam, mkononi mwake

Wiam mwanangu,

Bahasha nimeiandika jina lako, kwa hiyo uisome wewe kwanza, kisha ukitaka mpe mama yako. Mimi ni khaloo wako Gizlan, dada mdogo wa mama yako. Hunikumbuki, lakini nilikuogesha siku yako ya saba na ukanikojolea mpaka kwenye viatu, kwa hiyo tunajuana.

Nimesikia unaumwa. Nimesikia wanakwita mvivu. Mimi pia niliitwa hivyo, na mengine zaidi, na sikuwa mvivu. Kuumwa mpaka utapike si uanamke, ni kuumwa. Atakayekwambia vingine anasema alichoambiwa na yeye akiwa sakafuni.

Jina la dawa sikuandikii, maana dawa yangu huenda isiwe yako. Kuna daktari hapa, mwanamke, mpole, mwenye mikono ya baridi, vumilia hiyo mikono. Nimeshika nafasi yako Alhamisi ya tarehe kumi na nane saa nne. Atakupima, atakuuliza, nawe umjibu bila haya yoyote. Huenda akakupa dawa nyepesi. Huenda akakupa vidonge kama vyangu, umeze kila siku bila kukatiza, na damu isije mpaka yeye na wewe mkiamua. Ikiwa hivyo, usitishike, haipandi kichwani. Mimi niliuliza.

Nina kitanda cha pili, na chekechea ninayofundisha iko mtaa wa nyuma, watoto wanapiga kelele kama kasuku, utazoea. Njoo na mama yako. Anajua njia ya kituo cha basi.

Kwake sijaandika. Nilianza mara nyingi nikachana. Kuna siku namkasirikia mpaka sahani zinanianguka, na kuna siku namwona pale ukumbini na wewe kifuani, mwanamke wa miaka ishirini na sita, ameogopa, na nashindwa kumchukia. Sijamsamehe. Mwambie hivyo hivyo, usimlainishie. Lakini wewe usingoje tumalizane sisi, maana mimi nilimngojea mtu mmoja aseme neno na unaona ilivyonigharimu.

Jambo la mwisho. Nyumba yenu ina misumari ukutani. Ukianza dawa na mswala wako ukakaa pale mwezi mzima, miwili, mitatu, wataanza kupita na birika. Wewe swali. Usiukunje kwa ajili ya macho ya mtu. Wakikuuliza, sema waziwazi, "Natumia dawa, daktari ameniandikia," uendelee na shughuli zako. Na kama hawatakuuliza wewe, wakaenda kumuuliza mama yako, usiogope. Safari hii jibu analijua.

Khaloo wako,
Gizlan